Magoti ya Mkulima Nayo Yafanyiwe Utafiti

Mwezi Mei mwaka 1972 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Iringa na kutoa tamko la Siasa ni Kilimo. Tamko hilo lilizungumza juu ya zana, mbegu, mbolea na maarifa ya kulima kwa faida. Halikutaja magoti, na hapana aliyelilaumu kwa hilo. Lakini kijana aliyekuwa na miaka ishirini siku ile, akashika jembe kama alivyohimizwa, leo amepita miaka sabini. Amelima miteremko ya Kilolo au ya Rungwe kwa miongo mitano. Iwapo ni mwanamke, amebeba kuni, ndoo za maji na watoto katika miteremko hiyo hiyo. Akiamka asubuhi hushika ukuta kwanza kabla ya kusimama.

Ugonjwa huo madaktari huuita osteoathritisi. Wananchi wengi huuita baridi yabisi au kusagika kwa magoti, na majina yote mawili yanapotosha kidogo. Baridi ya Mufindi mwezi Julai yaweza kumfanya mtu ahisi maumivu zaidi, lakini si hiyo iliyoharibu kiungo. Wala goti si kinu kinachosagika tu. Gegedu hupungua, mfupa ulio chini yake hubadilika umbo, na utando wa ndani huvimba. Tena yuko mtu ambaye picha yake ya eksirei inatisha na hana maumivu makubwa, na yuko mwingine mwenye picha nzuri ambaye hawezi kupanda ngazi tatu. Wenye hatari zaidi ni wazee, wanawake, wenye uzito mkubwa, waliowahi kuumia goti, na wale ambao kazi yao ni kuchuchumaa, kupiga magoti na kubeba mizigo. Fungu hili la mwisho ndilo Nyanda za Juu Kusini zenyewe. Ni mchuma chai wa Katumba na Mufindi, mlima viazi wa Uporoto, na kijana anayeinua gunia la lumbesa kulipakia kwenye lori.

Duniani kote watu wapatao milioni 595 walikuwa na ugonjwa huu wa viungo mwaka 2020, na goti ndilo kiungo kinachoongoza. Kwa hiyo wataalamu wa nchi tajiri wamefanya majaribio mengi ya tiba. Majaribio hayo yana mafunzo ambayo mtumishi na mwalimu yafaa ayajue, kwa maana mengi yamekwenda kinyume na matarajio ya waganga wenyewe.

Mwaka 2002 huko Houston, Marekani, wagonjwa 180 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilisafishwa goti kwa maji, la pili likakwanguliwa gegedu lililochakaa, na la tatu likachanjwa ngozi tu na kushonwa, bila kufanyiwa lolote ndani. Wagonjwa hawakujua wako kundi gani. Walifuatiliwa kwa miaka miwili, na wale waliochanjwa ngozi tu hawakuwa nyuma ya wenzao kwa lolote. Upasuaji uliokuwa ukifanywa kwa maelfu ya watu na kwa gharama kubwa ulionekana hauna faida kuliko mkwaruzo wa kisu.

Mambo ya namna hii yamejirudia. Mwaka 2006 wagonjwa 1,583 walijaribiwa vidonge vya glukosamini na kondroitini, ambavyo leo huuzwa katika maduka ya dawa ya mijini kwa bei ya kumliza mstaafu. Kwa ujumla wao havikuzidi kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2017 wagonjwa 140 walidungwa gotini kila wiki 12 kwa miaka miwili, wengine steroidi na wengine maji ya chumvi. Maumivu yalilingana, ila waliodungwa steroidi walipoteza gegedu zaidi. Mwaka 2018 wagonjwa 240 wa mgongo, nyonga na goti walifuatiliwa mwaka mzima, na dawa kali za jamii ya afyuni hazikushinda zile za kawaida. Kisha mwaka 2020 wagonjwa 156 wa magoti waligawanywa kati ya sindano ya steroidi na mazoezi ya viungo yanayosimamiwa na mtaalamu. Baada ya mwaka mmoja waliofanya mazoezi walikuwa na nafuu zaidi.

Huenda mtu akauliza kwa nini maji ya chumvi yamponye mgonjwa. Hayakumponya. Maumivu ya goti yana kupanda na kushuka kwake, na mtu humwendea mganga siku yamepanda. Hata asipofanyiwa kitu, wiki chache baadaye huwa yameshuka, na sifa humwendea aliyeshika sindano. Ongeza hapo imani na faraja ya kuhudumiwa. Mwaka 2011 umati wa watu ulisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na wengi waliapa kwamba wamepona. Hawakuwa waongo, walieleza walivyojisikia. Ndiyo sababu utafiti wa tiba huhitaji kundi la kulinganisha, liwe la dawa ya hospitali au la mizizi ya msituni. Dawa ya asili ya Rungwe inastahili mizani ile ile, bila kudharauliwa na bila kupendelewa.

Sasa ndipo linapokuja swali linalohusu mikoa hii. Majaribio yote hayo matano yalifanywa kwa watu wa Marekani, ambako wagonjwa wengi wana uzito mkubwa na hukaa vitini kutwa. Kwao mazoezi ni jambo jipya. Je, mama wa Kilolo, mwembamba, anayepanda mlima mara mbili kwa siku akiwa na ndoo kichwani, naye aambiwe afanye mazoezi? Inawezekana ndiyo, kwa sababu kuimarisha msuli wa paja kwa mpango si sawa na kuchoka kwa mzigo. Inawezekana pia kwamba kwake tiba iliyo bora ni kupunguza mzigo, kupata mpini mrefu wa jembe na kigoda cha kukalia anapopalilia na kupika. Jibu haliwezi kusomwa katika majarida ya Houston.

Hata namna ya kupima maumivu ni ya kigeni. Mojawapo ya orodha za maswali zinazotumiwa sana, iliyotungwa Kanada, humwuliza mgonjwa kama anapata taabu kuingia na kutoka kwenye gari, kuingia kwenye beseni la kuogea, na kuvaa soksi. Haimwulizi kama anaweza kuchuchumaa chooni. Haimwulizi kama anaweza kupiga magoti kumwamkia mkwe wake na kuinuka bila kuvutwa mkono, jambo ambalo kwa wanawake wengi wa Mbeya na Iringa ndilo linaloleta fedheha kuliko maumivu yenyewe. Bibi wa Tukuyu atajaza karatasi hiyo na kuonekana hajambo, kwa kuwa hana gari wala soksi.

Hapa nchini kazi imeanza upande wa kaskazini. Katika Wilaya ya Hai, watafiti wa Kilimanjaro kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow wamechunguza ukubwa wa maradhi ya viungo na gharama yake kwa kaya. Hiyo ni hatua ya kupongezwa, lakini kuhesabu wagonjwa ni kitu kimoja na kujaribu tiba ni kitu kingine.

Mbeya inao uwezo wa kazi hiyo ya pili. Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kimeshiriki kwa miaka mingi katika majaribio ya dawa za kifua kikuu na chanjo za UKIMWI. Katika jaribio la chanjo la PrEPVacc, lililowahusisha watu zaidi ya 1,500 wa Tanzania, Uganda na Afrika Kusini, Mbeya ilikuwa mojawapo ya vituo. Uchanjaji ulisimamishwa Novemba 2023 ilipoonekana kwamba chanjo hazingefaulu, na matokeo yakatangazwa wazi. Watafiti wanaoweza kusema hadharani kwamba tiba haikufaa ndio wanaohitajika kwa magoti.

Wako watakaosema kwamba hapana mtu aliyekufa kwa goti, na kwamba fedha ziende kwenye malaria na UKIMWI. Hoja hiyo ina uzito, lakini yafaa waangalie nyumba zilivyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7 Njombe na asilimia 11.1 Iringa, viwango vya juu kabisa nchini. Ugonjwa huo uliacha yatima wengi, na wengi wao walilelewa na bibi zao. Bibi asiyeweza kwenda mtoni wala shambani hulisha watoto kwa nini? Aidha, jaribio la mazoezi halihitaji kiwanda cha dawa. Linahitaji wauguzi wa zahanati waliofunzwa, daftari, na uvumilivu.

Uvumilivu huo uwe wa mwaka mzima, kwa sababu goti la mkulima hufuata kalenda ya mvua. Utafiti ukianza Januari katikati ya palizi na kumalizika Julai baada ya mavuno, kila tiba itaonekana imefaa. Maswali nayo yaulizwe kwa Kinyakyusa, Kihehe na Kisafwa, kwa wazee wasiozoea kueleza maumivu yao kwa Kiswahili.

Iko hatari nyingine, na hii inawahusu watumishi moja kwa moja. Mtendaji wa kata au mwenyekiti wa kijiji akipewa barua ya utafiti, rahisi ni kutoa amri kila kaya ilete mtu mmoja. Hilo lisifanyike. Mshiriki wa utafiti ni mtu aliyeelezwa akaelewa, akakubali, na mwenye haki ya kujitoa kesho bila kunyimwa huduma ya zahanati. Mzee aliyeletwa kwa amri atasema amepata nafuu ili arudi nyumbani, na hesabu yote itaharibika.

Wakati majibu ya hapa yakisubiriwa, yapo yasiyohitaji kusubiri. Mstaafu anayejinunulia diklofenaki kila wiki katika duka la dawa muhimu hana budi kuambiwa kwamba dawa hiyo ikizoeleka huumiza tumbo, figo na shinikizo la damu. Mtumishi mwenye kitambi, ambaye anafanana na wagonjwa wa Marekani kuliko anavyofanana na mama yake kijijini, hana udhuru: kupunguza uzito na kuimarisha mapaja kumekwisha kujaribiwa kwa watu wa aina yake, na nafuu imeonekana, ingawa si kubwa sana na hupungua mtu akiacha. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi kuzunguka redio, na miongoni mwa viongozi wa vikundi walikuwa walimu. Kuketi kwenye kigoda na kusimama bila kushika kitu, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, kwaweza kufundishwa katika mkutano wa kijiji kwa robo saa. Kama kunamfaa pia mlima viazi wa Uporoto, na kwa kiasi gani, ndilo swali ambalo watafiti wa Mbeya wangeweza kuwa wamekwisha kulijibu msimu wa tatu kuanzia sasa, endapo wangetengewa fedha katika bajeti ijayo.