Mwenye mali aulize seva inaendesha nini, si fundi ameweka nini

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo haujazeeka. Kilichobadilika ni daftari. Leo hesabu za kontena linalosubiriwa kutoka Mombasa, ankara za mteja wa Juba na madeni ya muuzaji wa Busia havimo tena katika kitabu chenye jalada gumu chini ya kaunta ya Kikuubo. Vimo ndani ya kompyuta inayowaka usiku na mchana katika chumba kidogo cha ofisi ya wakala wa forodha, au katika kituo cha data ambacho mwenye mali hajawahi kukanyaga. Kompyuta hiyo huitwa seva, na seva nyingi za namna hiyo huendeshwa na Linux.

Utegemezi huo si wa hiari tena. Tangu Januari 2021, wafanyabiashara wa Uganda waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani wanatakiwa kutoa ankara kupitia EFRIS, mfumo ambao Aprili 2024 wenye maduka wengi wa Kampala walifunga milango kuupinga. Wenye programu zao za mauzo wameziunganisha na mfumo huo. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza kutekelezwa 2014, kodi ya mzigo unaokuja Uganda hulipwa kabla mzigo haujatoka bandarini. Maana yake ni nyepesi: seva ya wakala ikilala, mzigo nao unalala, na gharama za kuhifadhi kontena hazilali.

Chukulia ofisi moja ya wakala mjini Kampala yenye seva moja. Kila mwezi fundi wa kompyuta hufika, hukaa saa mbili, kisha huandika kwenye hati yake ya malipo kwamba amesasisha mfumo. Hadanganyi. Kerneli mpya imo ndani ya diski, imelipiwa na imewekwa. Siku moja mtu anaiuliza seva yenyewe inaendesha kerneli gani, nayo inajibu kwa namba ya miaka miwili iliyopita. Fundi anaiwasha upya. Namba ni ile ile. Anaweka kerneli upya, anaiwasha tena, ile ile. Kwa miaka miwili mwenye ofisi amekuwa akilipia kitu ambacho hakijawahi kufanya kazi hata siku moja.

Hapo ndipo penye hoja. Mfanyabiashara asilipie sasisho lililowekwa. Alipie kerneli inayoendesha. Ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo mlango anaopitia mwizi.

Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi. Ndiyo inayogawa kumbukumbu ya kompyuta, inayosoma diski, na inayoamua programu ipi iruhusiwe kugusa faili ipi. Linus Torvalds alianza kuiandika ya Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, na tangu hapo haijaacha kurekebishwa. Lakini kerneli haibadilishwi kama programu nyingine. Mpya ikishawekwa kwenye diski, ya zamani huendelea kutawala hadi seva izimwe na kuwashwa. Na inapowashwa, kuna programu ndogo, mara nyingi ile iitwayo GRUB, inayosoma orodha ya kerneli zilizopo na kuchagua moja. Ikichagua ya zamani, mpya hubaki kama mzigo uliolipiwa ushuru lakini haujatoka ghalani.

Wasafiri wa Malaba na Mutukula hawahitaji kufafanuliwa sana. Utaratibu mpya hukubaliwa Arusha, hutiwa saini, hutangazwa. Mama mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 ana haki ya kutumia utaratibu rahisi wa biashara na cheti chake rahisi cha asili ya bidhaa, ilimradi bidhaa zake zimo kwenye orodha iliyokubaliwa. Anapofika mpakani akakuta hakuna anayemweleza habari hiyo, anaishia kwenye njia ya zamani na gharama za zamani. Makubaliano yamewekwa, kinachoendesha ni kingine.

Hasara ya kerneli ya zamani si nadharia. Aprili 2021 mhandisi Max Kellermann wa Ujerumani alipata malalamiko ya mteja: faili za kumbukumbu za seva alizopakua hazifunguki, zimeharibika. Malalamiko ya namna hiyo yakajirudia kwa miezi. Alipofuatilia alikuta tatizo halikuwa kwenye programu za kampuni wala kwenye diski, bali ndani ya kerneli ya Linux. Kulikuwa na ufa uliomwezesha mtu mwenye ruhusa ya kusoma faili tu kuandika juu yake. Alipoutangaza Machi 2022 ulipewa jina la Dirty Pipe. Kwa lugha ya dukani, kijana aliyeruhusiwa kuangalia daftari aliweza kubadilisha tarakimu, kisha akatumia njia hiyo hiyo kujipa funguo zote za duka.

Ufa huo uliingia na kerneli 5.8 ya mwaka 2020. Matoleo 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102 yaliyouziba yalitoka Februari 2022, yaani dawa ilikuwa sokoni kabla ugonjwa haujatangazwa. Aliyeweka toleo jipya na kuliendesha alilala salama. Aliyeliweka bila kuliendesha alikuwa na hati ya malipo mkononi na ufa ukutani. Kabla ya hapo, Oktoba 2016, ulitangazwa ufa mwingine uitwao Dirty COW, uliokuwa umekaa ndani ya kerneli tangu 2007. Hakuna sababu ya kuamini kwamba huo wa 2022 ndio wa mwisho.

Ni haki kusema pia kwamba namba ndogo si lazima iwe mbaya. Kerneli zilizotangulia 5.8 hazikuwa na ufa wa Dirty Pipe. Tena wasambazaji wakubwa wa Linux, kama Red Hat na Ubuntu, huchukua viraka vya matoleo mapya na kuvishona kwenye matoleo ya zamani, hivyo namba ya mbele hubaki ile ile na ya nyuma ndiyo hubadilika. Ndiyo maana kukisia hakufai. Inatakiwa kusoma namba nzima inayoendesha na kuilinganisha na ile ambayo msambazaji ametangaza kuwa salama.

Kuisoma ni kazi ya nusu dakika. Fundi aandike amri uname -r, na seva itataja kerneli inayoendesha. Kisha aorodheshe zilizowekwa: kwenye Ubuntu na Debian kwa dpkg --list, kwenye jamii ya Red Hat kwa rpm -q kernel. Namba mbili zisipolingana, ugonjwa umethibitika, na sababu zake hazizidi vidole vya mkono mmoja.

Ya kwanza ni ya aibu kidogo: seva haijawahi kuwashwa upya tangu sasisho liwekwe. Amri uptime itasema imekaa macho siku ngapi. Zikiwa mia tatu, fundi asitafute mchawi.

Ya pili ni nafasi. Katika seva nyingi kerneli hukaa kwenye sehemu ndogo ya diski iitwayo /boot. Kila sasisho linaongeza moja, na zisipoondolewa za zamani ghala hujaa. Inayofuata huingia nusu na kukwama. Amri df -h /boot itaonyesha. Dawa ni kuondoa zisizotumika kwa njia ya mfumo wenyewe, kama apt autoremove, si kufuta faili kwa mkono. Na kamwe kutogusa ile inayoendesha kwa wakati huo.

Ya tatu ni amri iliyosahauliwa. Huenda miaka kadhaa nyuma fundi mwingine alikuta kerneli mpya inagoma na kadi ya mtandao, akaiambia GRUB iwashe ile ya zamani daima, akaondoka bila kuandika popote. Maagizo hayo hukaa katika faili /etc/default/grub, kwenye mstari wa GRUB_DEFAULT. Ukitaja kerneli fulani, seva itatii hata baada ya miaka kumi. Ukirudishwa kuwa 0, kisha update-grub ikaendeshwa, uchaguzi hurudi kwa ya kwanza kwenye orodha, ambayo kwa kawaida ndiyo mpya. Katika jamii ya Red Hat, grubby --default-kernel hutaja ile iliyopangiwa kuwaka.

Ya nne huwachosha hata mafundi wazuri. Seva ina diski mbili. Masasisho yanaandikwa kwenye moja, lakini mashine inawaka kutoka nyingine yenye GRUB ya zamani. Au sehemu ya /boot haikuwa imeunganishwa siku ya kusasisha, hivyo kerneli mpya iliandikwa kwenye folda yenye jina lile lile lakini mahali pengine kabisa. Ni sawa na shehena iliyoshushwa ghala jirani: risiti ipo, mali haipo. Amri lsblk na findmnt /boot huonyesha nini kimeunganishwa wapi, kisha grub-install huweka GRUB kwenye diski inayostahili.

Ya tano inawahusu wanaokodi seva kwenye mtandao. Baadhi ya huduma hizo humpa mteja chumba ndani ya mashine ya mwenyeji, na kerneli ni ya mwenyeji. Mpangaji anaweza kuweka kerneli mpya kila wiki na isitokee kitu. Hapo dawa si amri bali barua: mwenyeji aulizwe anaendesha toleo gani na analisasisha lini.

Mafundi wana hoja yao, nayo isidharauliwe. Wanasema kitu kinachofanya kazi kisiguswe, na kwamba kuzima seva huku malori yakisubiri Malaba ni kujitafutia lawama. Hofu hiyo ina msingi, lakini inapima hatari moja na kuisahau nyingine. Kampala ni mji ambao umeme hukatika, na betri ya akiba ina kikomo. Seva ambayo fundi anaogopa kuizima Jumapili usiku itajizima yenyewe Jumatatu asubuhi. Kama kerneli mpya iliingia nusu kwa sababu ghala lilijaa, huo ndio wakati itakapogoma kuwaka, mbele ya wateja wote. Kuwasha upya kwa mpango, fundi akiwa amekaa mbele ya skrini na kerneli moja ya zamani iliyo salama ikiwa imebakizwa kwenye orodha kama akiba, ni hatari ndogo kuliko kuachia umeme upange ratiba.

Na kama kweli ipo sababu ya kubaki na kerneli fulani, iandikwe: ni ipi, kwa nini, na itaangaliwa tena lini. Sababu isiyoandikwa hugeuka kuwa mazoea, na mazoea hayana mwenyewe wa kuulizwa.

Basi nini kifanyike? Kwanza, mkataba wa fundi ubadilike. Hati ya malipo isiyoonyesha namba ya kerneli inayoendesha, iliyosomwa baada ya seva kuwashwa upya, isilipwe. Mwenye duka hahitaji kuelewa namba hiyo. Anahitaji kuiona ikibadilika. Pili, vyama vya wafanyabiashara na vya mawakala ambavyo wanachama wake hutumia seva moja viweke ratiba ya kuwasha upya na kuitangaza mapema, kama zinavyotangazwa siku za soko. Tatu, waulize kama mfumo wenyewe bado unahudumiwa. CentOS 7, kwa mfano, ilifikia mwisho wa masasisho yake tarehe 30 Juni 2024. Kwa seva kama hiyo hakuna amri itakayoleta kerneli mpya kutoka kwa msambazaji, ni kuhama tu.

Sheria nayo haiko mbali. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde ipasavyo. Wakala aliye na nakala za pasipoti, namba za simu na hesabu za wateja wa nchi tano ni mmoja wao. Siku taarifa hizo zikivuja, kusema "fundi alisema amesasisha" hakutamrudishia mteja wa Goma imani yake.

Jumuiya imefanya mengi kupunguza siku ambazo mzigo hutumia kutoka bandarini hadi Kampala, na mengi ya hayo yanapita ndani ya kompyuta. Siku hizo zinaweza kurudi zote kwa sababu ya mstari mmoja uliosahauliwa ndani ya faili moja. Mwenye mali anayehesabu magunia mbele ya macho yake kabla ya kulipa asione haya kumwambia fundi: washa upya, nionyeshe namba, ndipo tuongee malipo.