Usuluhishi Ni Kazi ya Kusomewa, Hata Mbinga

Kijana wa Mbinga, mkoani Ruvuma, akitangaza nyumbani kwamba anaomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya masomo ya amani na utatuzi wa migogoro, swali la kwanza huwa lilelile: kwani hapa kuna vita? Angetaja uhasibu, sheria au famasi, wajomba wangeanza kuhesabu magunia ya kahawa ya kumchangia ada. Akitaja amani, anaambiwa hiyo ni elimu ya Wakongo na Wasomali, na kwamba Mtanzania anayeisoma anatafuta tu mshahara wa mashirika ya kimataifa. Tanzania, anakumbushwa, ni kisiwa cha amani.

Imani hiyo ni potofu na ina madhara. Inaichukulia amani kama mvua ya masika inayowashukia waliobarikiwa, wakati kila mwaka wa utulivu una watu walioufanyia kazi. Inaufanya usuluhishi kuwa dawa ya mgonjwa mahututi peke yake. Wauguzi wa Mbinga hawasubiri surua iue ndipo wachanje watoto. Linapokuja suala la migogoro, jamii hiyohiyo inasubiri moshi.

Historia ya ufukwe wa Ziwa Nyasa, jirani na Mbinga, inatosha kuipinga imani hiyo. Mnamo 13 Agosti 1914, meli ya Kiingereza Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ilivuka ziwa hadi Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Rhoades aliipiga mizinga. Nahodha wa meli ile, Berndt, alikuwa rafiki yake wa kukaa na kunywa pamoja, na hakuwa na habari kwamba vita vimetangazwa. Lile likawa miongoni mwa mapambano ya kwanza kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza, na lilipiganwa mahali palipokuwa patulivu kuliko karibu bandari zote za dunia. Urafiki wa manahodha wawili ulikuwa wa kweli, lakini haukuwa na chombo chochote cha kuulinda pale uamuzi ulipotoka London na Berlin.

Miaka 98 baadaye ziwa hilo lilikaribia tena kuingizwa kwenye ugomvi wa watu wasiokaa ufukweni. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1 Julai 1890 uliweka mpaka kwenye ukingo wa ziwa upande wa Tanganyika. Malawi inashikilia maandishi hayo pamoja na azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lililopitishwa Cairo mwaka 1964, la kuheshimu mipaka iliyorithiwa kwa wakoloni. Tanzania inashikilia mstari wa katikati ya maji, na Mwalimu Nyerere alilifikisha suala hilo kwa serikali ya Kamuzu Banda mwaka 1967. Mwaka 2011 Malawi ilitoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani kwa kampuni ya Surestream Petroleum. Kufikia katikati ya 2012 viongozi wa pande zote mbili walikuwa wakirushiana maneno mazito. Wakati huohuo wavuvi wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay walikuwa wakivua usipa na mbasa kwenye maji ambayo, kwa hoja ya upande mmoja, yalikuwa ya nchi nyingine tangu mtu anapoloanisha vifundo vya miguu.

Hapakupigwa risasi. Suala lilipelekwa kwa jukwaa la wakuu wastaafu wa nchi za SADC chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji, pamoja na Thabo Mbeki wa Afrika Kusini na Festus Mogae wa Botswana. Mpaka haujakubaliwa hadi leo, lakini mtumbwi umeendelea kuingia majini alfajiri. Wanaosema amani ya ufukwe huu imejileta yenyewe wanasahau meza ile ya usuluhishi na kazi ya watu wasiotajwa majina: kusoma mikataba kipengele kwa kipengele, kulinganisha ramani, kupanga swali gani litangulie na lipi lisubiri.

Kazi hiyo ina kanuni, na kanuni hizo hufundishwa. Mwanafunzi wa fani hii anajifunza mapema kutenganisha msimamo na mahitaji. Msimamo wa Malawi ni ufukweni. Wa Tanzania ni katikati. Misimamo hiyo miwili haiwezi kukaa pamoja hata dakika moja. Chini yake kuna mahitaji: samaki, maji ya kunywa, njia ya meli, mafuta kama yapo, na heshima ya taifa. Hayo yanaweza kuzungumzwa moja moja na kugawanywa. Ziwa lenyewe lina mfano. Mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilikubaliana mpaka wa Nyasaland na Msumbiji upite katikati ya maji, huku visiwa vya Likoma na Chizumulu vikibaki vya Nyasaland ingawa vimezungukwa na maji ya Msumbiji. Watu wa Likoma waliendelea kuwa na serikali yao, na Msumbiji ikapata maji yake.

Anayedhani kwamba mambo haya ni ya marais peke yao, aende kwenye baraza la ardhi la kijiji chochote cha Umatengo, nchi ya Wamatengo wa Mbinga.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kila kijiji kiwe na baraza la watu 7, wanawake wasipungue 3, na kazi yao ni kusuluhisha. Juu yake kuna baraza la kata. Hadi 2021 baraza la kata lilikuwa na mamlaka ya kuamua kesi za ardhi. Marekebisho ya mwaka huo yaliliondolea mamlaka ya kuamua na kuliachia jukumu la kupatanisha. Sasa anayetaka kufungua shauri la ardhi kwenye baraza la wilaya hupitia kwanza kwenye kata, na kata ina siku 30 za kujaribu kuwapatanisha wahusika.

Bunge, kwa maneno mengine, limefanya usuluhishi kuwa mlango wa lazima wa haki ya ardhi kwa kila mwanakijiji wa Tanzania. Halijamtaka mtu anayesimama mlangoni awe amesomea kazi hiyo. Mjumbe wa baraza la kijiji hutazamwa sifa njema na ujuzi wa mila za ardhi. Hizo ni sifa nzuri, lakini hazimfundishi mtu namna ya kumsikiliza mjane mbele ya shemeji zake wanne, wala namna ya kutambua kwamba mzee aliyekubali haraka amekubali kwa hofu. Hazimfundishi kuandika makubaliano ambayo hayatafumuka msimu wa mavuno. Mkoa wenye mabaraza mengi namna hiyo, na mashamba ya kahawa yanayorithiwa kila kizazi, unawezaje kuambiwa kwamba hauna kazi ya mtu mwenye masta ya utatuzi wa migogoro?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba wazee wanatosha, na jibu hilo lina uzito. Wamatengo walisukumwa na vita vya karne ya 19, Wangoni walipotawala nchi ya chini, wakabanana kwenye milima mikali. Huko wakastawisha ngoro, mashimo yanayochimbwa kwa mpangilio mteremkoni ili kushika udongo na maji. Kilimo cha namna hiyo kinadai mikono mingi inayosikilizana. Ukoo ulikuwa na sengu: wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mzee wao, na pale chakulani wakapanga kazi, wakaonyana, wakamaliza ugomvi. Hakuna chuo kilichoifundisha sengu, nayo iliwalisha watu wengi kwenye milima ambayo ingeweza kuwa makaburi yao.

Lakini sengu ilifanya kazi kwa sababu wagomvi walikuwa wa chungu kimoja. Aliyeshindwa leo alijua kesho atakula tena pale. Wagomvi wa leo hawana chungu hicho. Mchimbaji wa makaa ya mawe ya Ngaka na mwenye shamba jirani hawakulelewa kwenye sengu moja. Mlanguzi anayenunua kahawa ikiwa bado mtini, kwa ule mtindo ambao Mbinga nzima inauita magoma, hana ukoo wa kumwonya. Mfugaji anayeshusha ng'ombe wake kutoka mikoa ya mbali hajui mzee gani ndiye mwenye sauti mlimani, na mlima haujui mzee wake yeye. Mbamba Bay inajengewa bandari mpya, na bandari huja na thamani mpya ya viwanja, wageni na mikataba. Hekima ya sengu ingali na kazi. Inamhitaji mtu wa kuichukua ilivyo, kuichunguza ilivyofaulu, na kuijengea daraja la kuwafikia wasiokula pamoja. Huo ndio utafiti wa shahada ya uzamili kwa maana yake kamili.

Kenya imewahi kuona elimu na hekima hizo zikikutana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wajir ziliuana kwa malisho na maji. Wanawake wa huko, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianza na jambo dogo: kuhakikisha mwanamke wa ukoo wowote ananunua na kuuza sokoni bila kuzuiwa. Kutoka sokoni walikwenda kwa vijana, kwa wazee wa koo, kisha kwa serikali. Dekha hakuishia hapo. Aliigeuza fani hiyo kuwa kazi ya maisha, akafundisha wasuluhishi wa nchi nyingi, akashiriki kuandika kitabu cha mbinu za kazi hiyo, na mwaka 2007 akapewa tuzo ya Right Livelihood. Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, yeye na wenzake, mabalozi na majenerali wastaafu wakiwemo, walikuwa tayari na mtandao na njia za kazi siku zilezile ambazo wengine walikuwa bado wanashangaa.

Kushangaa huko kuna gharama. Kilosa nayo ilikuwa sehemu ya kisiwa cha amani hadi 8 Desemba 2000, wakulima na wafugaji walipokabiliana Rudewa Mbuyuni na watu 38 wakauawa. Zanzibar ilikuwa ndani ya kisiwa hicho hadi maandamano na mauaji ya Januari 2001. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, Watanzania waliona maandamano, risasi, amri ya kutotoka nje na intaneti kuzimwa. Watu walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Baada ya siku hiyo, kuendelea kumwambia kijana kwamba hana la kusomea kwa kuwa nchi ina amani ni kuwakosea heshima waliozikwa.

Ruvuma inajua zaidi kuliko mikoa mingi jinsi jeraha lisilotibiwa linavyoishi muda mrefu. Nduna wa Wangoni, Songea Mbano, alinyongwa na Wajerumani mwanzoni mwa 1906, wakati wa Vita vya Majimaji. Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea kuomba radhi tarehe 1 Novemba 2023. Katikati kuna miaka 117, na familia ya nduna ingali inadai fuvu lake. Madai hayo yanahitaji watu wanaoweza kusoma nyaraka za makumbusho, kukaa na ukoo na kukaa na wanadiplomasia. Watu wa namna hiyo huandaliwa.

Hoja ya ajira nayo inastahili jibu la wazi. Ni kweli kwamba wahitimu wengi wa fani hii hutazama Goma na Juba. Wanatazama huko kwa sababu nyumbani wameambiwa hakuna kazi yao, na halmashauri zinaajiri afisa ardhi, afisa mifugo na afisa maendeleo bila kufikiria nani atawaketisha pamoja wanaogombana. Imani hiyo inajizalia ushahidi: inawafukuza wasomi, kisha inaonyesha kutokuwepo kwao kama dalili kwamba hawahitajiki. Vyuo wala haviko mbali. Makerere na Gulu nchini Uganda vinafundisha fani hii. Chuo cha Hekima cha Wajesuiti jijini Nairobi kina taasisi yake tangu 2004. Pale Kurasini, Dar es Salaam, Kituo cha Diplomasia kilizaliwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji, nchi mbili zinazotenganishwa na Mto Ruvuma. Waasisi wake walikuwa wametoka kuona vita vya ukombozi vikivuka mto huo, na hawakuona aibu kujenga darasa.

Kosa la kweli la masomo haya, pale yanapokosea, ni kumfundisha Mtanzania Bosnia na Ireland ya Kaskazini kwa miaka miwili kisha kumwacha arudi bila kujua siku 30 za baraza la kata zinakwendaje. Hilo linarekebishwa na mwombaji mwenyewe anapoandika pendekezo la utafiti. Aandike kuhusu magoma: nani humkopesha mkulima Februari, kwa masharti gani, na ugomvi huishia kwa nani Julai. Aandike kama wavuvi wa pande zote mbili hurudishiana nyavu zilizopotea bila polisi wa nchi yoyote, na kwa njia gani. Aandike mahali sengu ilipokufa na mahali ilipobaki. Halmashauri za Mbinga na Nyasa, kwa upande wao, zinaweza kuanza na vitu viwili visivyohitaji bajeti kubwa: kumfungulia mtafiti huyo mafaili ya mabaraza, na kumpa siku moja kila robo mwaka ya kukaa na wajumbe 7 wa kila kijiji awaonyeshe alichojifunza.