Msikimbilie kuriseti ruta

Ndugu mwandishi wa makala, hapo uliposema ruta mpya ikigoma iriseti kwanza, hapana. Laini nyingi za faiba hufunguka kwa jina na neno la siri la mteja, na hivyo vilikaa ndani ya ruta ya zamani. Ukiichoma mpya kwa pini mpaka taa zizime, unafuta hata kile fundi alichokwisha kujaza. Dalili zenyewe zinasema: simu ikishika Wi-Fi na kupewa anwani inayoanza na 192.168 lakini kurasa hazifunguki, ndani ya nyumba kuko sawa, shida ni upande wa kutoka. Ikianza na 169.254, ruta haigawi anwani. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, achana na mipangilio, kaangalie waya wa faiba kama haukukunjwa wakati wa kuhamisha. Mdau aliyetoa maoni hapo juu anasingizia mtandao wa nchi, kama ilivyokuwa Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika. Yanatokea, lakini siku ile hata bando za simu ziliyumba. Kama jirani yako hapa Sanya Juu anaperuzi na wewe umekwama tangu ulipobadilisha ruta, bahari haihusiki. Wenye ruta za laini ya simu, kagueni mpangilio wa APN kwanza. Na kuna watoa huduma wanaoifunga laini kwa namba ya MAC ya kifaa cha kwanza. Hilo hulimalizi mwenyewe, wapigie uwasomee namba iliyobandikwa chini ya ruta mpya.