Ufundi unaoalikwa

Picha ya jahazi la Flipflopi niliyoitazama wiki hii inalivuta jicho ubavuni: vipande vya ndara kuukuu, vya buluu, waridi na kijani, vimebandikwa kimoja kando ya kingine mpaka plastiki ya ndani haionekani. Mafundi wa Lamu waliliunda kwa taka za plastiki, wakalishusha majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kwa tanga mpaka Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi. Plastiki iliyotumika ilikuwa kama tani 10, na wapo watakaosema hizo si kitu mbele ya taka zinazotupwa ufukweni na bahari kila msimu. Kwa mizani ya uzito, hawajakosea. Lakini watu wameokota taka tangu zamani. Lililo jipya ni kwamba mtu aliyezoea kuchonga mkuku na mataruma ya mbao aliombwa ufundi wake mwenyewe, akapambana na kitu kisicho na tabia ya mti, na watu wa bandari kwa bandari wakaja kukiona. Mkono ulioalikwa pamoja na akili yake hauchoki upesi. Je, mwenye shida ya riziki ana nafasi ya hayo? Mafundi hawa wanaishi kwa kazi ya mikono, na wao ndio waliofanya. Kosa liko kwa wanaoandaa siku za usafi mitaani: humpa seremala, mshonaji na mchoraji ufagio uleule, kisha hulalamika kwamba watu hawarudi. Wawaulize kwanza wanajua kutengeneza nini.