Unataka kulea paka ama mbwa kwa keja? Soma hii kwanza

Juni 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti ikisema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Kama unadhani hiyo ni shida ya wazee, pole. Vijana ndio wako mbele kabisa kwa hiyo hesabu.

Na wewe unajua vile inakuwa hapa Kanairo. Unatoka job usiku, jam ya Thika Road inakumaliza, unafika keja na hakuna mtu wa kukuuliza siku ilikuwaje. Mabeshte wako, lakini wako kwa simu. Ndio maana siku hizi utapata msee wa bedsita analea paka, na mwingine anatembeza mbwa asubuhi huko Roysambu kabla aende kazi.

Wazazi wanashangaa. Kwao Simba na Bosco ni askari wa usiku: mchana mnyororo, jioni ugali baridi. Paka naye aliajiriwa kushika panya. Mbwa kulala kwa kochi? Eti huo ni uzungu.

Sasa swali ni hili: mnyama kukupa raha na afya ni ukweli, ama ni mambo tu ya TikTok?

Sayansi inasema aje?

Mwaka wa 2017, watafiti wa Uswidi walitoa matokeo ya kufuatilia watu zaidi ya milioni 3.4 kwa miaka 12. Kwa wale wanaoishi solo, wenye mbwa walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 33 kuliko wale wasio na mbwa. Mbwa hajali umechoka, lazima mtoke nje mtembee, na huko nje utasalimiana na watu.

Japan nao, mwaka wa 2015, walipima kitu kingine. Mbwa na mwenyewe wakitazamana machoni, oksitosini inapanda kwa wote wawili. Hiyo ni ile homoni inayofunga mama na mtoto wake.

Halafu 2019, Washington State University kule Marekani ilichukua wanafunzi 249. Wale waliopewa dakika 10 tu za kushika na kupapasa paka na mbwa, kotisoli yao, yaani homoni ya stress, ilishuka.

Lakini usikimbie kununua bado. Mwaka huo huo wa 2017, watafiti wa RAND waliangalia watoto zaidi ya 5,000 huko California. Mwanzoni wenye mbwa na paka walionekana wako fiti kuliko wengine. Walipoondoa tofauti za pesa, aina ya nyumba na mambo kama hayo, faida ikapotea. Maana yake ni kwamba wakati mwingine si mnyama aliyekuletea afya. Mwenye afya na doo ndiye anayeweza kumlea.

Kwa hivyo paka si dawa ya depression. Kama unalala na mawazo na kuamka nayo, tafuta mtu wa ushauri nasaha, uongee. Paka anaweza kukusindikiza kwa hiyo safari, hawezi kuibeba.

Piga hesabu ya ukweli

Kwanza, lando. Ploti nyingi haziruhusu wanyama, na ukishikwa utachagua kati ya nyumba na mnyama. Uliza kabla ulipe deposit.

Pili, nafasi. Mbwa akifungiwa bedsita kutoka asubuhi hadi usiku atabweka, majirani watachoka, na yeye mwenyewe atateseka. Paka anaelewa maisha ya keja ndogo: analala sana, anakula omena, anatumia boksi la mchanga. Kama una mimba, mtu mwingine asafishe hilo boksi, kwa sababu kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vinavyodhuru mtoto.

Tatu, sindano. Hapa hakuna mchezo. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua hadi watu 2,000 kwa mwaka hapa Kenya, karibu wote kupitia kuumwa na mbwa, na serikali iliweka mpango wa kukimaliza ifikapo 2030. Chanjo ya kila mwaka si anasa. Na ukiumwa na mbwa yeyote, hata huyo wako, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Nne, muda. Paka anaweza kuishi miaka 15. Wewe uko na miaka 23, na huenda utahama nyumba mara tano kabla ufike 30. Desemba ukienda ushago nani atabaki naye? Kila sem ikifungwa, kuna paka wanaoachwa nje ya hosteli wakilia mlangoni. Hao walipendwa miezi minne tu.

Umepiga hesabu na imekubali? Poa. Usikimbilie mtoto wa German Shepherd wa maelfu ya pesa. KSPCA pale Karen, shirika lililoanza 1910, huokoa mbwa na paka na kuwatafutia nyumba. Chokoraa wa miguu minne anapenda vilevile.

Imekataa? Bado hujakosa. Rudi kwa wale wanafunzi 249: hakuna aliyepewa mnyama wa kwenda naye nyumbani. Dakika 10 zilitosha. Yule paka wa ploti anayelala juu ya tanki la maji, mchangieni omena na majirani, na mumpeleke sindano. Utapata raha yako, na labda utajua jina la jirani wa mlango wa pili, ambaye pia anafungua mlango usiku akipata nyumba iko kimya.

Kwenu lando anaruhusu wanyama?