Kutazama Barafu: Kwanza Tuulize Gati ni la Nani

Mtu apangaye safari ya meli ya kitalii aghalabu huanzia melini. Hutazama chumba kama kina dirisha au hakina, chakula ni cha namna gani, na watoto watapata pa kuchezea au watakaa kusumbua wazee. Bandari za njiani huzihesabu mwisho, kama mtu anayehesabu chenji. Kwangu mimi huko ni kuvaa kanzu kinyumenyume. Kwa safari za Alaska hasa, jambo linalopasa kutangulia ni nchi kavu: mtashuka wapi, mtakaa saa ngapi, na fedha zenu zitaingia mkononi mwa nani.

Nayasema haya kwa sababu mashauri yenyewe yamefika nyumbani kwetu. Dada yangu na wanawe, waishio Seattle miaka mingi sasa, wanataka ukoo wetu ukutane huko majira ya joto, tupande meli siku saba kwenda kuitazama mito ya barafu: mama yetu mzazi, wakwe, wajukuu, jumla watu kumi na mmoja. Vijana wameshaleta vitabu vya matangazo vyenye picha zinazong'aa. Barazani, hapa Mombasa, wako wanaosema ni israfu na kwamba heri fedha hizo ziende Umra. Hilo sitalirefusha. Mwenye kutimiza faradhi zake, asiye na deni la watu, hakukatazwa kutembea katika ardhi akaona uumbaji wa Mola wake. Ugomvi wangu ni na ile orodha ya bandari.

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani tuna elimu moja ambayo waandishi wa matangazo hayo hawana. Sisi tumekaa upande wa pili wa gati. Tumeziona meli kubwa zikiingia Kilindini asubuhi, abiria wakapakiwa katika mabasi waliyokwisha kuyalipia huko huko walikotoka, wakapelekwa Tsavo au wakazungushwa Ngome ya Yesu, na jioni wakaondoka. Aliyekaa kutwa nzima na vikoi vyake kando ya njia hakuuza hata kimoja. Tumeona pia mgeni akisimama mlangoni mwa mtu Mji wa Kale, akapiga picha wanawake waliokaa ndani kwao, bila hata ya kubisha hodi. Basi haistahili watu wenye elimu hiyo wakawa ndio wageni, kisha wakaenda kufanya vivyo hivyo kwa wenzao.

Na wenzao wapo. Picha za matangazo hazina watu ila abiria, lakini pwani ile ya kusini mashariki ya Alaska ni nchi ya Watlingit tangu zama. Chukua mfano wa Glacier Bay, ghuba ambayo ndiyo fahari ya safari nzima. Palikuwa hapo zamani bonde lenye vijiji na mito ya samaki. Katika karne ya 18 barafu ilishuka kwa kasi, ikawafukuza wakazi, ikalifunika bonde lote. Hadithi yao yasema msichana mmoja aliyekuwa ametawishwa, mwari kama wetu tulivyozoea kusema, aliiita barafu ikaja. Na watu walipohama, mwanamke mmoja alikataa kuondoka akabaki katika nyumba yake. Mabaharia wa nahodha Vancouver walipopita mwaka 1794 waliikuta barafu imesimama karibu na mlango wa ghuba. Kisha ikaanza kurudi nyuma, na kufikia mwaka 1916 ilikuwa imerudi zaidi ya kilomita 100, ikaacha bahari mahali palipokuwa bonde. Wenyewe wakaipa ghuba jina la Sít' Eeti Gheeyí, maana yake ghuba iliyoshika mahali pa barafu.

Waliohama wengi wao walikwenda kukaa Hoonah, jina litokanalo na neno lao lenye maana ya mahali pa kujikinga na upepo wa kaskazini. Msomaji anayeijua kaskazi ya kwetu hahitaji kufasiriwa zaidi. Lakini barafu ilipokwisha kuwaachia nchi yao, serikali ya Marekani nayo ikaja: mwaka 1925 ghuba ikatangazwa kuwa hifadhi, na mwaka 1980 ikawa mbuga ya taifa. Hata kuokota mayai ya shakwe, jambo walilolifanya kila mwaka pamoja na watoto wao, kukawa ni kosa. Na uokotaji wao ulikuwa na adabu yake: kiota chenye mayai mawili huchukuliwa, chenye matatu au zaidi huachwa, kwani ndege wa mawili bado ataendelea kutaga. Ilibidi wangoje hadi mwaka 2014 ndipo sheria ikawarudishia ruhusa. Mwaka 2016 ilifunguliwa nyumba yao ya ukoo ufukweni mwa Bartlett Cove, ya mbao zilizochongwa, ya kwanza ndani ya ghuba tangu barafu ilipoviharibu vijiji vyao.

Sasa tazama: meli kubwa hazifungi gati hapo. Kwa siku haziruhusiwi kuingia ghubani zaidi ya mbili, na abiria hukaa sitahani kutwa wakiitazama barafu ya Margerie, ambayo ukuta wake una upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu, ikimeguka na kuanguka majini kwa kishindo. Walinzi wa mbuga hupanda kutoa maelezo, na katika baadhi ya meli hupanda pia mwelezaji wa Kitlingit. Swali langu la kwanza kwa wakala lilikuwa hilo, kabla ya swali la dirisha: meli yenu ina ruhusa ya kuingia Glacier Bay, na je, huwa yuko mwenyeji wa kutusimulia? Wakala alistaajabu kidogo. Nadhani hajaulizwa mara nyingi.

Swali la pili lilihusu Hoonah yenyewe. Huko kuna kituo cha meli kiitwacho Icy Strait Point, kilichokuwa kiwanda cha kutia samaki mikebeni tangu mwaka 1912, na kilichoanza kupokea meli mwaka 2004. Mji wenyewe hauna watu elfu moja. Lakini kituo hicho ni mali ya shirika la wenyeji, lililozaliwa na sheria ya mwaka 1971 iliyowapa wenyeji wa Alaska ardhi na mashirika yao. Wanaokupeleka kutazama dubu na nyangumi, na faida ya kazi hiyo, viko katika mikono yao. Ingekuwaje kama gati la Lamu lingekuwa hivyo? Mpwa wangu alitaka bandari hii tuipishe Skagway, apate kupanda helikopta akakanyage barafu. Skagway nayo ina lake, reli nyembamba iliyojengwa kati ya 1898 na 1900, miaka ile ile reli yetu ilipokuwa ikitambaa kutoka Mombasa kwenda ziwani. Lakini helikopta ni mamia ya dola kwa kichwa kimoja, kwa muda usiotosha hata kunywa kahawa ya pili. Nimesimama na Hoonah.

Juneau hatuna njia ya kuikwepa, wala hakuna haja. Ni makao makuu ya jimbo, ina watu wapatao 32,000, na mwaka 2023 iliteremkiwa na abiria zaidi ya milioni 1.6. Wakazi walilalamika, na mji ukapatana na wenye meli: tangu 2024 zisizidi meli kubwa tano kwa siku, na tangu 2026 vitanda vya abiria visizidi 16,000 kwa siku, Jumamosi 12,000. Walipoulizwa katika kura ya Oktoba 2024 kama meli zisije kabisa Jumamosi, walio wengi walikataa, maana riziki ni riziki. Napenda mji unaobishana hadharani namna hiyo kuhusu wageni wake. Kwa hiyo tumechagua meli isiyofika Jumamosi. Tena watu hao hao wana msiba wao na barafu: maji yanayojikusanya katika bonde la kando ya barafu ya Mendenhall hufunguka ghafla, na mwezi Agosti 2024 yaliingia katika mamia ya nyumba. Tukienda kupiga picha pale, watoto wajue kwamba chini ya mto huo kuna watu waliotoa matope vitandani mwao.

Kuhusu ununuzi Ketchikan, nimekataza neno moja tu: msinunue kinyago bila ya kuuliza nani kachonga. Mwaka 2023 mwenye maduka mjini humo alihukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kuuza vinyago vilivyochongwa Ufilipino akidai ni kazi ya wenyeji. Alama ya serikali ya jimbo iitwayo Silver Hand ndiyo ithibatisho. Na koti la mvua lisisahauliwe. Mji huo hupata mvua zaidi ya mara tatu ya Mombasa.

Vyeti visichezewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 haiiruhusu meli ya bendera ya kigeni kuchukua abiria Seattle na kuwarudisha Seattle bila ya kugusa bandari ya nchi nyingine, ndiyo sababu meli hizi hupita Victoria, Kanada, hata kama ni kwa saa chache za jioni. Mwenye pasipoti ya Kenya basi atafute viza mbili, ya Marekani na ya Kanada, na aanze mapema sana.

Yaliyobaki ni ya ibada, na mama yetu ndiye aliyeyauliza kabla ya yeyote. Nyama ya halali huagizwa kwa maandishi wakati wa kulipia, si siku ya kupanda. Isipopatikana, samaki wa huko ni wengi na wazuri. Mwishoni mwa Juni jua la Juneau huchwa baada ya saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri, na wekundu wa mbingu hautoweki sawasawa. Wakati wa Isha na wa Alfajiri kwa hiyo una mazungumzo marefu baina ya wanazuoni, nasi tumekwenda kwa sheikh wetu atuchagulie kauli moja, tusije tukagombana sitahani. Kibla kimemfurahisha mama kuliko yote. Yeye maisha yake yote ameswali akielekea kaskazini, kwani Makka iko moja kwa moja juu yetu. Alipoambiwa kwamba kutoka Juneau pia, njia fupi ya Makka hupita karibu na ncha ya dunia, hata mtu huelekea kaskazini tu kwa tofauti ya nyuzi chache, alicheka akasema kumbe huko si mbali. Kisha akauliza kama blanketi za meli ni nzito, au achukue zake.