Bosi Kachelewa Mwenyewe, Dereva Ndiye Anaambiwa Akanyage Mafuta!

Safari ilipangwa saa 11 alfajiri. Dereva kafika mapema, kacheki maji na oili, kafuta vioo, Land Cruiser linanguruma nje. Bosi anatoka saa 12 na nusu, simu sikioni. Kikao kiko Kigoma mjini saa 4 asubuhi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kakonko. Akifunga mlango tu, neno la kwanza: "Dereva, kanyaga mafuta, tumechelewa."

Tumechelewa? Nani kachelewa hapo?

Huyo si bosi mmoja wala ofisi moja. Wanaoendesha magari ya STK, SM, SU na DFP wanamjua vizuri. Ajali ikitokea, taarifa huwa fupi: mwendokasi na uzembe wa dereva. Saa ambayo bosi alitoka nyumbani haitajwi.

Zamani ukanda huu ulikuwa na trafiki wake wa asili: vumbi, tope na mashimo. Hata ungetaka kukimbia, barabara ilikukatalia. Sasa lami imefika kutoka Nyakanazi hadi Kabingo, na mradi wa kuunganisha Kabingo, Kibondo, Kasulu na Manyovu umebadilisha safari kabisa. Ni neema. Ila mwenye baiskeli ya mkaa anapita palepale, na mtoto wa shule anavuka palepale. Kwenye makazi sheria inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na haikuandikwa kwa ajili ya bodaboda peke yao.

Misiba ya misafara imeshaonekana. Agosti 2018 gari la waziri mmoja lilipata ajali Magugu, mkoani Manyara. Yeye alinusurika, ofisa habari wake akafariki. Januari 2022 huko Busega, Simiyu, gari la waandishi waliokuwa kwenye ziara ya mkuu wa mkoa liligongana na Hiace ya abiria, watu zaidi ya 10 wakafa. Kila ajali ina chanzo chake, lakini mara nyingi wanaozikwa si wale ambao safari ilikuwa yao.

Wapo watakaosema usukani uko mikononi mwa dereva, akatae. Ni kweli, anawajibika. Lakini posho yake inasainiwa na nani? Akikataa leo, kesho funguo anapewa mwingine, yeye anabaki kuosha magari uani.

Dawa yake haihitaji semina hotelini. Kwenye kitabu cha safari iandikwe saa iliyopangwa kuondoka na saa bosi aliyoingia garini kweli, kisha bosi asaini. Dereva akisema amechoka, walale njiani. Bosi anaweza kusinzia kiti cha nyuma, dereva hawezi. Mkanda ufungwe hata huko nyuma. Trafiki anayemwandikia faini mwenye Noah alisimamishe na la STK. Na amri ya kukimbia ikitoka kiti cha nyuma, faini isilipwe na kiti cha mbele peke yake.

Bosi akichelewa kikao ataomba radhi, ajenda zitaendelea. Mjane wa dereva ataombwa radhi na nani?